Posho ya Nyumba na Njia ya Uani

Mume wangu alikuwa askari polisi, na kama askari wengi wa zama zile aliamini kwamba jambo likishatolewa amri limekwisha. Siku alipohamishwa kutoka mji wa Mkoani kwenda Wete alirudi nyumbani na amri mbili. Ya kwanza ilitoka kwa wakubwa zake: laini, yaani vile vijumba vya serikali walivyokaa askari wenye wake, zilikuwa zimejaa, kwa hiyo yeye angepewa posho ya nyumba kila mwezi akapange mtaani. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe: posho hiyo isiliwe yote na kodi.

"Kodi ni pesa ya kumnenepesha ntu mwengine," aliniambia, na bado hajavua hata viatu.

Wakati huo tulikuwa tukikaa kwa mama yangu, kisiwani Makoongwe, ng'ambo ya Mkoani, kwa kuwa kwetu bibi harusi huanza maisha kwao kabla ya kuchukuliwa na mumewe. Mimi nilikuwa mwana wa pekee. Baba alikwisha kufariki, na macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu kiasi kwamba aliwatambua watu kwa sauti. Nilipoposwa nilisema wazi, mbele ya mjomba wangu, kwamba nitakapokwenda mimi mama atakwenda. Mume wangu aliitikia haraka haraka, kama wanavyoitikia wanaume wote kabla ya ndoa. Sasa nikamkumbusha, naye akasema hakusahau, mama atakuja, ila nyumba itatafutwa kwa akili.

Basi ile akili yake ndiyo iliyonimaliza.

Askari wenzake pale Wete walimpa uzoefu wao. Mmoja alikuwa akilipa robo tu ya posho, amepanga stoo nyuma ya duka la samli, yeye na mkewe na watoto wananuka samli. Mwingine alilipa theluthi, na mvua ikinyesha wanahamia chini ya kitanda. Wote walijisifu kwa kile kilichobaki mfukoni. Walikuwa wakishindana kulala vibaya, na mume wangu hakutaka kuwa wa mwisho katika mashindano hayo. Na huko kwao Shumba habari za posho zilifika kabla sisi hatujafika Wete. Kaka yake alitaka akomboe mikarafuu iliyokuwa rahani. Shangazi yake alikuwa na harusi. Mume wangu mwenyewe alitaka mabati, awe wa kwanza katika ukoo wao kukaa chini ya bati. Kabla sijaona hata kizingiti cha nyumba yangu, pesa ya nyumba ilikwisha kugawanywa kwa watu ambao wote walikuwa na nyumba.

Tulizunguka Wete kutafuta. Siku zile siasa zilikuwa zimechemka, na wenye nyumba wengine walikuwa wakiuliza chama kabla ya kuuliza jina. Mume wangu akijibu kwamba askari hana chama, anaangaliwa kama mtu aliyesema hana mama. Hata hivyo tulipata mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la vitambaa, ambaye hakuuliza ila kodi italipwa lini. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, ukumbi, na ua mkubwa wenye kisima chake na mlango wake wa nyuma. Nilipoingia nilijua pale pale chumba cha mama ni kipi. Nikauliza kodi, naye akataja karibu posho yote.

"Ahsante, shehe, tutafikiri," alisema mume wangu, na hakufikiri hata dakika moja. Tulipofika njiani alisema nyumba ile ni ya makarani.

Aliyoipanga ilikuwa nusu ya nyumba. Mwenye nyumba alikuwa ameikata katikati kwa ukuta wa udongo ili apate wapangaji wawili, na nusu yetu ilikuwa hivi: unaingia mlango wa mbele, unakuta kiukumbi, kutoka kiukumbini unaingia chumbani, na kutoka chumbani unatokea kiuani, penye jiko na choo. Hapakuwa na njia nyingine, kwa sababu kiua chenyewe kilizungushwa makuti pande zote na nyuma yake kulikuwa na ukuta wa jirani. Kodi yake ilikuwa nusu ya posho. Mume wangu alisimama katikati ya kiukumbi, kainua mikono kama aliyeshinda mpira.

"Mama atalala hapa," alisema. "Tutanvutia pazia. Unataka nini tena?"

Nilitaka kumpiga na ufagio, ndicho nilichotaka. Nilimwambia mama yangu hawezi kulala akitengwa na mkwewe kwa pazia tu. Akasema mama ni mtu mzima, macho yenyewe hayaoni, haya ya nini? Yeye mwenyewe alijua jibu. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kupishana. Tangu aoe, mama hakupata kula mbele yake wala kumtazama usoni. Akiingia mlango wa mbele, mama alikuwa ameshajitanda kanga na kutokea nyuma. Wakitaka kusema, walisema kupitia kwangu. "Mwambie mumeo chai i tayari," mama alikuwa akiniambia, na mume wangu yu pale pale ameshika kikombe. Makoongwe hili halikuwa na taabu, nyumba ilikuwa na nafasi, mmoja akiingia huku mwingine anatokea kule. Lakini ndani ya ile nusu nyumba?

Niligombana naye wiki nzima. Nilisema posho ya nyumba ni ya nyumba. Akasema nyumba si hii? Nilisema vyumba viwili. Akasema mabati. Mwisho nilichoka. Nilijua nisipomchukua mama sasa atabaki peke yake kule na macho yake yale, akitafuta moto kwa mikono. Nikamleta.

Mama aliipapasa nyumba kuta zote. Baada ya siku chache akaniambia ameanza kufunga. Nilidhani ni Jumatatu na Alhamisi, sunna ya watu wazima wengi. Lakini Jumanne akafunga, na Jumatano pia. Nilipomwuliza alisema analipa funga zake za ujanani, za siku za uzazi, ambazo hakuwahi kuzilipa na hataki kwenda nazo kaburini. Mtu atabisha nini hapo? Magharibi nikimpelekea futari alikuwa akila tende moja na vijiko viwili vya uji, halafu anausukuma ubao wa chakula. Maji alionja tu. "Sina kiu, mwanangu." Mume wangu alifurahi sana. Alijisifu kazini kwamba mama mkwe wake ni mcha Mungu, nyumba yetu ina baraka, na tena haina matumizi makubwa ya unga. Sijui ni lipi lililonikera zaidi, zile funga au furaha yake.

Siku moja, mume wangu akiwa mapumzikoni na amelala chumbani tangu asubuhi, mama alianguka pale kiukumbini. Alikuwa wa moto, midomo imekauka imepasuka. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema maji yamemwisha mwilini na njia ya mkojo imeshika ugonjwa, na kwa muda mrefu mtu huyu asifunge hata siku moja. Alipopata nafuu alinishika mkono, akasema kitu kimoja tu: "Nrudishe kwangu."

Nilimrudisha, nami nikabaki naye kumuuguza. Mume wangu nilimwambia sijui nitarudi lini. Alinisindikiza mpaka kwenye gari ya Mkoani na hakupinga, maana kwa hesabu yake, mke akienda kwao na unga unabaki.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomponza. Haukupita muda sajini wake akamwita. Posho ya nyumba, alimwambia, hupewa askari anayekaa na mkewe. Askari aliye peke yake hulala bwenini bure pamoja na makapera. Mke yuko wapi? Mume wangu akasema yuko Makoongwe, anauguza. Sajini akasema basi akirudi tutazungumza, kwa sasa posho imesimama. Na kitanda bwenini alikwisha kuwekewa.

Alikuja Makoongwe amefura. Aliketi barazani kwa mama, kofia juu ya goti, mama yuko ndani nyuma ya mlango, na mimi nimesimama kizingitini baina yao kama karani wa mahakama. Alipokwisha kunieleza habari ya sajini nilicheka, naye akazidi kufura. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimemsikiliza miezi mizima akiigawa posho ile kama urithi wa babake, kumbe ilikuwa ikilipwa kwa ajili ya kichwa changu. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia pia kwamba sirudi kwenye nusu nyumba, na simwachi mama, hata wakimlaza bwenini mpaka astaafu.

Aliikung'uta kofia, akairudisha gotini.

"Mwambie mama," alisema mwishowe, "nyumba ile ya vyumba viwili bado i tupu. N'tapanga hiyo. Posho yote iende, ishakuwa."

Niligeukia ndani. "Mama, umesikia?"

Mama hakunijibu mimi. Nilisikia bangili zake, kisha sauti ikatoka nyuma ya mlango, nyembamba, na haikupitia kwangu.

"Baba," alisema. Tulitazamana, mimi na mume wangu. Mama hakupata kumwita hata siku moja. "Baba, mie vyumba viwili sikuwa nkivitaka. Nkitaka njia ya kwendea chooni nisipite chumbani mwako. Basi."

Zile funga zote! Tende moja, vijiko viwili, maji ya kuonja, ili asije akashikwa na haja mume wangu akiwa kitandani. Na mimi nikimpikia futari kila siku na kumwombea Mungu amkubalie.

"Mama!" nilipiga kelele. "Muda wote huno kwani hukunambia?"

"N'kwambieje?" alisema, na sasa alikuwa amekasirika yeye. "N'kwambie weye, weye unwambie mumeo, naye ajue kama mie naenda chooni?"

Mama alikuwa bibi wa miaka yake, amezaa, amezika, amenyang'anywa macho na bado anapika. Na alikuwa tayari kufa kwa kiu ili mkwewe aamini kwamba yeye haendi chooni kama watu. Sikujua nimshike nani nimtikise. Mmoja alikuwa ananyima pesa, mwingine ananyima maneno, na mimi katikati yao nilikuwa nikihesabu vyumba. Nililia kwa hasira. Mume wangu aliinuka akavaa kofia yake. Aliposema, alisema nami, kwa sauti ya chini, akarudia adabu yake ya zamani.

"Mwambie mama nimesikia."

Alirudi Wete siku ile ile. Yule mzee wa duka la vitambaa naye hakuwa mjinga. Msimu wa karafuu ulikuwa umekaribia, makarani wa kupima wanatafuta pa kulala, na kodi ilikuwa imepanda. Posho haikutosha. Mume wangu aliongeza kutoka mshahara wake, akalalamika njia nzima alipokuja kutuchukua, na akaendelea kulalamika baada ya hapo kila mwisho wa mwezi, kwa miaka, kwangu mimi tu. Kaka yake wa Shumba alikuja kuuliza mikarafuu imekuwaje. Shangazi alituma watu. Mabati hayakununuliwa. Mimi sikumwonea huruma hata kidogo, na nilipopata nafasi nilimwambia kwamba mama wa mtu si bati.

Mama siku ya kwanza aliuliza mlango wa uani uko wapi, akaingilia huko, na tangu siku hiyo njia yake ikawa hiyo. Alipewa chumba cha nyuma. Alikunywa maji, alikula, aligombana na majirani kuhusu kamba ya kisima. Yeye na mume wangu waliishi nyumba moja mpaka mwisho wake, na sidhani walizungumza ana kwa ana hata mara moja nyingine.

Mama alipofariki ilikuwa asubuhi. Walitaka kumtolea uani, lakini njia ya pale ilikuwa na kona na jeneza halikuweza kugeuka, kwa hiyo ikabidi wampitishe mbele. Mume wangu alikuwa mbele, upande wa kulia, bega lake chini ya mti wa jeneza. Walipofika ukumbini alisimama, na wenzake nyuma wakasimama hawajui kuna nini. Alikohoa kwanza, kwa nguvu, kama alivyokuwa akikohoa kila jioni kabla hajaingia, ili mama apate nafasi ya kuondoka njiani. Kisha wakamtoa.