Nilimfundisha Kunyamaza

Binti wa marehemu kaka yangu nilimtoa kijijini Bukima akiwa na miaka saba, nikamleta kwangu mjini, Mwisenge, aanze darasa la kwanza. Ilikuwa ile miaka ya foleni, kipande cha sabuni unakigombania na mtu mzima mwenzako, na kitambaa cha sare hakionekani dukani. Sketi yake niliikata kwenye suruali kuukuu ya mume wangu. Mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akalishika, akaandikishwa. Nilirudi nyumbani nikiringa.

Shida ilikuwa lugha. Alijua Kijita tu, na pale shuleni aliyeongea lugha ya nyumbani alichapwa. Siku ya pili alirudi na alama za fimbo miguuni, siku ya tatu akang'ang'ania mlango akilia, hataki kwenda. Mimi sina subira, sijawahi kuwa nayo. Nilimkalisha jikoni nikamwambia kwa Kijita, "Ukiwa darasani nyamaza. Wakiandika, andika. Wakiimba, chezesha midomo. Usiseme neno mpaka ukijue Kiswahili." Kila asubuhi nilimkumbusha maneno hayo nikimfunga vifungo.

Fimbo zilikoma, na kilio cha mlangoni kikaisha. Nilipokutana na mwalimu wake sokoni aliniambia, "Huyu wa kwako hanaga shida kabisa, mama. Wangekuwaga wote hivi ningepumzika." Nilifurahi kama nimepewa kilo ya sukari.

Mwezi uliofuata alirudi akijishikiza kwenye kuta za nyumba za watu, mwili unachoma. Mtoto aliyekaa naye dawati moja alisema alitetemeka tangu asubuhi, akatapikia daftari, akalifunga. Hakumwita mtu. Zahanati haikuwa na dawa. Nilimbeba mgongoni hadi hospitali, na huko wakaniandikia karatasi nikatafute kwinini mtaani. Nilipoipata, alikuwa ameshashikwa na degedege mara mbili.

Hakufa. Watu huniambia nishukuru, na ninashukuru. Lakini mkono na mguu wa kushoto vililegea moja kwa moja, na shule hakurudi tena.

Wiki kadhaa baadaye nilimuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu kwamba anaumwa. Alinitazama kwanza aone kama nimekasirika.

"Kiswahili nilikuwa sijakijua bado, shangazi," akanijibu kwa Kijita.

Alidhani namkagua kama alishika nilichomfundisha.