Wapulizaji Watano na Mazishi Matatu

Sisi tuliokulia migombani kwenye miteremko ya Meru, wakati maduka ya Arusha mjini yalipoanza kujaa vitu tena, tulijua kuanika betri. Vijana wa leo simu ikibaki na asilimia kumi wanahema kama wamekabwa. Sisi betri ikilegea tuliiuma kwa meno, tukaianika juani kwenye kichanja pamoja na kahawa, na jioni redio iliimba tena, kwa sauti ya mlevi.

Baba alikuwa kiongozi wa matarumbeta ya usharika wetu. Muuguzi mmoja wa Kijerumani aliporudi kwao alimwachia kanda: watu watano wanapuliza, hakuna anayeimba. Filimbi, klarineti, honi, obo iliyolia kama bata mwenye mafua, na basuni iliyonguruma kama tumbo la mjomba baada ya bakuli la tatu la loshoro, mahindi ya kupikwa na maziwa. Baba aliisikiliza akiwa amevua kofia.

Alikuwa amenunua betri mpya kwa ajili ya kanda hiyo tu. Kabla hajaiwasha hata mara moja, nilizihamishia kwenye redio ndogo ya bibi, nisikilize muziki wa Kikongo, na kwenye redio kaseti ya Baba nikaweka zile za kuanika. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Baba aliusikia muziki ule ukijikokota. Akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huu ni wa msiba," alisema. "Wenzetu wanalia kwa mpango."

Kila Jumamosi alisikiliza kidogo, akasimamisha, akaandika do re mi nyuma ya kalenda. Bendi ikaupiga kwenye mazishi matatu. Walilia hata waliofuata wali. Mzee Anaeli, mpuliza tuba aliyeutamani uongozi wa Baba miaka yote, alipomzika mama yake alilia mpaka ikabidi tuba imwagwe maji.

Kwenye mazishi ya tatu alikuwepo mgeni, mwalimu wa muziki kutoka Ujerumani. Alimfuata Baba pembeni.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Kwetu huo ni wimbo wa kuchezea. Watu wanarukaruka."

Mzee Anaeli, aliyekuwa ametega sikio, hakungoja hata chai ije. "Mmesikia? Tumezika watu kwa dansi. Mama yangu amekwenda kwa Mungu anarukaruka. Mimi nataka kiongozi mwingine."

Bendi nzima ikakutana sebuleni kwetu. Mgeni akaweka betri zake mpya, na kanda ikatoka mbio kama kuku waliofukuzwa na mbwa. Hakuna aliyemtazama Baba. Aliiongoza bendi ile tangu sijazaliwa, na ukiacha mibuni michache, hakuwa na kingine cha kuitwa chake.

Nikasema nikiwa mlangoni, "Baba, betri nilibadilisha mimi."

"Wewe tutaonana," alisema. Kisha akamgeukia mwenzake. "Anaeli, siku ile ulilia?"

"Nililia."

"Ulikuwa unalilia betri?"

Mzee Anaeli alitazama viatu vyake. "Nilikuwa namlilia mama."

"Basi. Anayeweza kuupiga kwa mbio hizi, uongozi ni wake."

Mzee Anaeli alijaribu. Tuba ilifika katikati ikaanza kuhema kama ng'ombe anayepanda mlima, na wenzake wakageukia ukutani kucheka. Baba alibaki na bendi yake. Mimi nilibaki na fimbo nne.

Siku hizi ninao muziki ule kwenye simu, umerekodiwa vizuri kiasi kwamba unasikia mpuliza honi akivuta pumzi. Mwanangu huusikiliza sekunde nane, akasema, "Mama, mbona hakuna mtu anayeimba?" Mimi huusikiliza mpaka mwisho, nisionekane nilikwenda chuo kikuu bure, lakini sijawahi kudondosha chozi.

Mwaka juzi tulimzika Baba. Matarumbeta hayapo tena usharikani; kijana wa kinanda alikuja kuniuliza aupige muziki ule kwa mwendo gani, maana kinanda chake kinataka namba. Sikuwa na namba ya kumpa. Enzi zetu hakuna aliyeuliza: matarumbeta yalitangulia, jeneza likafuata, njia ya migombani ikiwa na utelezi, na bendi ilipiga taratibu kiasi cha waliobeba kuweza kufika.