Sufuria Isiyo na Mfuniko

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha chanjo ambacho leo hakina chanjo, Bi Machozi anaegemeza ufagio mlangoni, anakaa kwenye kiti cha mgonjwa na kupakata sufuria. Dakika moja baadaye analia.

Analia kwa kazi. Kwa miaka minne mfagizi huyu wa zahanati, mwenye miaka 52, ndiye "mgonjwa" anayewapima washauri wapya. Daktari wa akili wa karibu yuko mwendo wa siku nzima, basi kazi ya kuwasikiliza waliolemewa na mawazo wameachiwa washona nguo, wauza maji na walimu wastaafu, kwa mafunzo ya wiki tano. Kabla ya kukabidhiwa mtu wa kweli, kila mmoja humsikiliza Bi Machozi, msimamizi akiwa pembeni na fomu.

Fomu ilitungwa mbali na ina vipengele kumi na vitano. Kimojawapo kinauliza kama mshauri ameitambua hatari.

"Kwenye fomu mgonjwa anasema, 'Nimechoka kuishi,'" ananieleza Bi Machozi. "Kwetu nani anasema hivyo? Mtu akifika huko hasemi kitu. Anagawa vyombo."

Ndiyo maana alileta sufuria ya kwake. Mazungumzo yakikolea humpa mshauri na kusema, "Chukua, mwanangu. Mimi sitaihitaji tena."

Wiki hii wanane wameichukua. Wameshukuru kwa mikono miwili, maana kukataa zawadi ya mtu mzima ni kukosa adabu. Mmoja aliulizia mfuniko.

"Huo ni mtego, si kipimo," anasema msimamizi, na kusema kweli nilimwelewa. Amempa Bi Machozi muda mpaka leo. Wa tisa naye akinasa, sufuria irudi jikoni.

Bi Machozi hakubali kirahisi. Miaka kumi na moja iliyopita, baada ya kuzika mume na kupoteza kazi ndani ya mwaka mmoja, alimpa jirani sufuria hii hii. Jirani akasema asante, akaenda zake.

"Nilikuwa nimeshaamua. Asubuhi yake akarudi kudai mfuniko, akanikuta nilivyo. Akakaa na mimi mpaka jioni, sufuria akanirudishia. Mwenzenu nimeokolewa na mfuniko." Anacheka.

Wa tisa ni msusi, binti mwenye sauti ndogo. Anaulizia usingizi, anaulizia watoto. Sufuria inakuja. Anaipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama," anasema. Msimamizi anashusha kalamu.

Lakini msusi haiweki chini. Anachungulia ndani, anapitisha kidole kwenye masizi.

"Mama, si ndiyo hii unayopikia?"

"Ndiyo."

"Sasa kesho utapikia nini?"

Msusi anavuta kiti karibu.

"Nakuuliza kwa heshima zote, mama. Unafikiria kujiua?"

Fomu imemwandikia mgonjwa jibu, na Bi Machozi analijua kwa moyo. Leo halimtoki. Analia tu, na msimamizi aliyemzoea kwa miaka minne anainuka kwenda kumletea maji. Msusi hamkatizi, wala hamwachii mkono.

Baadaye msimamizi anaandika nne, alama ya juu kabisa, na chini ya fomu anaongeza mstari kwa mkono: *sufuria ibaki.*

Wale wanane watarudia Jumatatu. Bi Machozi hataki hata mmoja wao akutane na mtu wa kweli kabla hajajua kuuliza. Anaifuta sufuria kwa kanga na kuchukua ufagio wake.

"Jumatatu nakuja na mfuniko wake, asiwepo wa kurudi kuudai," anasema. "Mimi niliokolewa kwa bahati. Sitaki mwingine aokolewe hivyo."