Msafiri Mwenye Ruhusa ya Kula

Mpaka leo nikisikia mtu anacheka hapa mtaani kwetu Mabawa, naona ananicheka mimi, na hasira zinanipanda upya. Kibaya zaidi, akinicheka ana haki.

Ramadhani hii nilikwenda Muscat kumtembelea mdogo wangu Zuhura, aliyeolewa huko. Alikuja kunipokea, na tulipotoka nje ya uwanja wa ndege njaa ilikuwa imenishika, nikaketi kwenye benchi mbele za watu, nikatoa mkate wangu wa kumimina.

Zuhura akanishika mkono. "Dada, kalie ndani ya gari. Huku sheria inakataza kula hadharani mchana wa Ramadhani."

Nikawaka. Mimi, mwalimu wa madrasa, nifundishwe dini na mtoto niliyembeba mgongoni? "Mimi msafiri. Mungu kaniruhusu kula. Hiyo sheria yenu nani kaiulizia?" Nikamega pande kubwa, kusudi.

Askari kijana akaja, akanisemesha kwa upole, kwa Kiarabu cha mtaani ambacho mimi, mwalimu mzima, sikukishika. Upole wake ndio ulionichoma. Nikamgeukia Zuhura, mdomo umejaa: "Mwambie huyu kuwa hana adabu. Hata kumwamkia mkubwa hakufunzwa kwao."

Zuhura akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema askari, kwa Kiswahili kitamu kuliko changu. "Nilifunzwa na bibi yangu, mtu wa Pangani. Kula umeruhusiwa, ila si hapa njiani. Sasa meza kwanza, halafu twende kituoni."