Niliwaambia Nawaona, na Ukungu Umenifunika

Admin, nifichie jina tafadhali, maana Wakenya wa Sydney tunajuana hadi rangi za magari. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, sijaolewa, naishi Auburn na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nina jambo nimelala nalo wiki sita sasa, na leo maji yamenifika shingoni.

Kwanza nina tabia ambayo wengi wenu mnayo, msijifanye. Ukinipigia simu uniulize niko wapi, nitakwambia nimeshafika, kumbe ndio natafuta kiatu. Rafiki yangu Moraa, tuliyekaa naye chumba kimoja Kensington tukiwa wanafunzi, alishanizoea. Akinitaka saa nne ananiambia saa tatu. Tumecheka na hiyo tabia miaka yote.

Moraa ana mchumba, Dani, Mkongomani anayefanya kazi kwenye ghala huko Smithfield. Harusi yao ilikuwa iwe mwezi huu. Halafu kuna Kip, rafiki yetu, ambaye ameteleza kwenye theluji na ski, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, misimu mitatu na amesomea huduma ya kwanza ya mlimani. Kip ndiye aliyetutoa Sydney, watu wanne kwenye gari lake, tukaendesha kwa saa sita hadi milima ya theluji. Hatukwenda kule kwenye mashine za kukupandisha. Tulikwenda porini, ambako unabandika ngozi chini ya ski zisirudi nyuma, unapanda kwa nguvu zako, ukifika juu unabandua na kuteremka. Safari fupi tu, Kip alisema, saa saba tutakuwa tunakula kwenye gari. Redio za mkononi zilikuwa mbili. Moja alibeba yeye mbele, na kisikizio chake sikioni, nyingine akampa wa mwisho, ambaye ni mimi. Akaniambia, "Nikikuuliza uko wapi, niambie ulipo. Si unapotaka kuwa." Moraa akacheka hadi akakaa chini.

Mimi nilikuwa nimejigamba njia nzima, eti nimechukua mafunzo ya ski mara mbili. Baada ya saa moja tu, mapaja yakawaka moto. Nikaachwa. Nikasimama kwenye miti ya chini nifunge kiatu upya, vidole vimekufa ganzi, na nilipoinua kichwa ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Nilichokiona ni alama za ski zao mbele yangu, hatua tano hivi, basi. Redio ikaita. Kip akauliza, "Uko wapi?"

Nikajibu, "Niko hapa tu nyuma yenu. Nawaona."

Sikuwa namwona mtu. Nilikuwa nyuma yao nusu saa nzima. Niliona haya kuwa mzigo, na mdomo ukasema ulichozoea kusema.

Yaliyofuata huko juu nimesimuliwa. Kip aliwaambia wenzake, "Anasema anatuona." Moraa alikuwa anatetemeka kwa baridi, Kip akawa anamvisha koti la pili. Dani akasema, "Kama anatuona, basi iko karibu. Niko naenda kumupokea dada." Kip akamwambia asiende mbali. Dani akateremka kidogo, akaniita, sikuitika. Akateremka tena kidogo, kwa sababu lazima nilikuwa pale pale, si nimesema nawaona. Kwenye ukungu ule huoni ardhi inapoishia. Akatumbukia korongoni.

Mimi niliambiwa kwa redio. "Dani ameanguka. Fuata alama zetu, polepole." Nilipanda huku nalia. Nilipofika, Kip alikuwa korongoni amemlalia Dani ampe joto, na Moraa akanitazama akaniuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikasema nilipotea kidogo. Watu wa uokoaji walifika saa tatu nzima baadaye.

Mguu umevunjika mara mbili, una vyuma. Kazi ya ghala ni ya kusimama, kwa hiyo yuko nyumbani, na harusi imeahirishwa. Moraa lawama zote amemtwika Kip, maana mimi nilisema nilipotea, na yale maneno ya redioni aliyasikia Kip peke yake. Kiongozi gani anasikia mambo yake kwenye redio halafu anamwachia mtu aingie ukunguni peke yake? Kanisani nako wanamwangalia vibaya, hata wale waliokuwa wakimwita mwanangu.

Kip hajitetei. Wiki jana alikuja kwangu, hakukaa hata kwenye kiti. Akasema, "Nakuuliza mara moja tu. Ulisema unatuona, ama mimi nilisikia vibaya?" Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiangalia. Nikasema, "Sikumbuki, Kip. Nilikuwa na baridi sana." Akasema, "Sawa. Basi nilisikia vibaya." Akafunga mlango taratibu. Afadhali angenitukana.

Sasa leo baada ya ibada mama yake Dani na wajomba wamemwita Kip aombe msamaha mbele yao. Wamesema asipokubali kosa asionekane tena nyumbani kwao wala kwenye harusi. Kip hana ndugu hapa, na mtu haendi kikao kama hicho peke yake, kwa hiyo ameniomba mimi nimsindikize. Mimi, jamani. Nikisema ukweli, Moraa hatanisamehe, na hapa ugenini yeye ndiye ndugu yangu. Nikinyamaza, nitakaa kando ya Kip nimsikilize akiomba msamaha wa kosa langu.

Nasoma maoni yenu yote, hata ya matusi, ila msichelewe. Kip amenitumia ujumbe sasa hivi, yuko nje ya nyumba ya kina Dani, hataki kuingia bila mimi. Ameuliza, "Uko wapi?" Nimemjibu nimefika, naegesha gari. Niko kitandani Auburn, sijavaa hata viatu. Niambieni, nifanye nini?