Maktaba Haitoki Mfukoni mwa Mheshimiwa

Siku ile ya katoni sijaisahau, mwanangu, na leo imenirudia kwa nguvu kwa sababu nasikia keshokutwa wewe na wenzako wa kule mlimani Bwesumbu mnashuka mjini Kasese kuonana na wabunge wetu. Mnakwenda kuzisemea maktaba, za shule na za watu wote. Moyo wangu umefurahi kweli. Kisha nikasikia mmeandaa ngoma na mbuzi wa kuwazawadia, nikaona nikuite kwanza. Kaa hapo. Chai ipo.

Wakati huo nilikuwa msichana pale Bwera, nauza njugu karibu na mpaka, na ulimi wangu haukuwa na breki. Kikundi chetu cha vijana kilipewa chumba nyuma ya soko, zamani kilikuwa stoo ya kahawa. Tukaingiza mabenchi, tukakiita laibrari, ingawa mali yake yote ilikuwa magazeti ya zamani na kitabu cha kufuga kuku ambacho sote tulikijua kwa moyo bila kumiliki hata kifaranga. Mdogo wangu Biira alitaka kuwa muuguzi. Shuleni kwao kitabu cha baiolojia kilikuwa kimoja, nacho kilikaa kwa mwalimu. Bila kitabu, mtihani ungemshinda, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Uchaguzi ukakaribia. Desturi yetu unaijua: mbunge akija, kila mtu ana ombi lake. Kanisa linataka mabati, kina mama wanataka sufuria, aliyefiwa anataka jeneza. Sisi tukaomba vitabu. Mheshimiwa akashusha katoni za vitabu kwenye gari, tukamchezea ngoma mpaka viatu vyake vikajaa vumbi. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti, nikamwita Baba wa Vitabu. Jina lilimnogea huyo! Papo hapo akaahidi kumlipa mtunza chumba kutoka mfukoni mwake.

Na alilipa, sitamsingizia. Mlango ukawa unafunguliwa kila siku. Biira akapata kitabu chake. Mama Kavira, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akawa anamwacha binti yake asome hapo wakati yeye anahangaika na wateja sokoni. Tukaamini tumefika. Kisha kura zikapigwa, mheshimiwa akaanguka.

Mtunza chumba hakulipwa tena, akarudi kwao Munkunyu kulima. Baadaye pikapu ikaja, vijana wa mheshimiwa wakabeba vitabu vyote. Biira alikuwa katikati ya somo la moyo na mishipa ya damu. Wakakichukua kitabu mikononi mwake. Alilia, nami nikalia, halafu nikasimama pale mlangoni nikaanza kumtukana mheshimiwa ili kila mpita njia asikie.

Mama Kavira akasimama, furushi la vitenge kichwani.

"We mutoto, unamutukana juu ya nini? Vitabu ilikuwa ya nani?"

"Yake," nikasema, "lakini alitupa."

"Ni wewe uliimba eti iko Baba ya Vitabu. Sasa baba amehama na vitu yake, unalia?" Akanyoosha mkono kuelekea hospitali. "Na opitali ile, baba yake ni nani?"

Nikageuka kuitazama.

"Hakuna! Mubunge ashinde, aanguke, banganga ya opitali beko pale. Juu ya nini? Juu mushahara yabo iko mu bajeti. Muende kwa ule mubunge mupya, mumuambie asilete kitu. Aende aseme kule ku Bunge, waandike."

Akajitwisha vizuri vitenge vyake, akaenda zake. Niliona aibu, mwanangu, lakini nakwambia, aibu hiyo ilinifungua macho. Tulikuwa tumeomba maktaba kama mtu anavyoomba sukari kwa jirani.

Basi tukaenda Kasese. Mbunge mpya alitupokea vizuri, bahasha ya pesa iko tayari mezani. Nikaisukuma upande wake.

"Mheshimiwa, leo hatutaki kitu chako."

Akacheka. "Ninyi watu wa Bwera! Sasa mmefuata nini?"

Nikamgeukia Biira. Akasema Biira, ambaye kwa kawaida hata salamu aliitikia akiangalia chini:

"Nilikuwa nasoma habari za moyo, kitabu kikaondoka. Sitaki kingine cha kuondoka."

Mheshimiwa aliacha kucheka. Bahasha akaiweka kwenye droo.

Haikuwa kazi ya siku moja. Alisema Bungeni, sisi tukasema wilayani, tukarudi tena na tena mpaka askari wa getini akawa anatuuliza habari za nyumbani. Mwishowe vitabu na mshahara wa mtunza vikaingia kwenye bajeti. Miaka ikapita, mbunge huyo naye akaanguka. Asubuhi yake nilikimbia mpaka nyuma ya soko kutazama mlango. Ulikuwa wazi. Nilikaa kwenye benchi nikacheka peke yangu kama mwehu. Na Biira ndiye huyo nesi aliyekudunga chanjo ulipokuwa mchanga.

Lakini chumba ni kilekile kimoja. Nenda leo uone watoto wa Bwera na wa wakimbizi waliovuka kutoka Beni wanavyobanana kwenye benchi, wawili kitabu kimoja. Wa kwenu mlimani hata benchi la kubanania hawana. Ndiyo maana safari yenu ni nzito.

Kwa hiyo ngoma iacheni, na mbuzi mleni wenyewe. Mkifika, msimwite yeyote baba. Waambieni wabunge kwamba maktaba ni kazi ya serikali kama ilivyo hospitali: chumba, vitabu, na mtu wa kukitunza anayelipwa, kila mwaka, shuleni na mjini. Waambieni na hili, vitabu vya shule visifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu eti visichafuke. Wakitoa ahadi, waulizeni itasomwa kwenye bajeti ipi. Wakikasirika, salimieni kwa heshima, mrudi wiki nyingine. Na mpeleke mtoto mmoja anayekitaka kitabu, aseme mwenyewe.

Sasa inama nikuwekee mkono. Mungu akulinde njiani, akupe ulimi mtulivu kuliko wangu. Najua wengine watakuombea urudi mikono imejaa. Mimi nakuombea urudi mikono mitupu, mwanangu, bila katoni na bila bahasha. Na siku wabunge hao watakapoanguka, mlango wa maktaba yenu ya Bwesumbu ukutwe wazi.