Kodi ya sola ilivyofutwa, baba mkwe akashinda juu ya paa Nambilanje

Wakuu, mlioamka salama nawasalimu, na ambao hamjalala kabisa nanyi pia nawasalimu.

Nimesoma uzi wa jana wa yule jamaa aliyesema sera za biashara ni mambo ya wakubwa wenye tai, mwananchi wa kawaida hazimgusi. Nikacheka mpaka wife akaja kuuliza kuna nini.

Mimi sera ya biashara ndiyo iliyonipa mke. Huyo huyo aliyekuja kuuliza.

Hii siyo chai. Shahidi amekaa hapa nyuma yangu anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Iko hivi.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi redio Nachingwea mjini, kibanda changu karibu na soko. Kilichonilisha hasa kilikuwa kuchaji betri za gari. Watu walizileta kwa baiskeli kutoka Lionja na kwingineko, nachaji, wanarudi nazo kijijini kusikiliza mpira.

Mwanga ulikuwa koroboi ya mafuta ya taa. Ukiamka asubuhi ukapenga kamasi, leso inatoka nyeusi.

Sola tulikuwa tunaijua kwa macho tu. Ilikuwa juu ya paa la misheni na juu ya zahanati ya wafadhili. Ukiulizia bei dukani, muuzaji anakuangalia viatu kwanza ndipo ajibu.

Sasa miaka ya 2000 hapo katikati, siku moja nimefungua redio ya mteja, matumbo yote nje, nikasikia bajeti inasomwa. Vifaa vya umeme wa jua vinaondolewa ushuru na VAT, watu waachane na mafuta ya taa, mazingira yapumue.

Nikaweka bisibisi chini. Nikafunga kibanda, nikapanda basi kwenda Kariakoo.

Bei ile ile!

Namwambia muuzaji, mbona kodi imefutwa? Akasema, "Kodi imeondoka kaka, ila bei bado haijapata taarifa."

Nikarudi mikono mitupu, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Wanaoijua barabara yetu ya kusini enzi hizo wataelewa.

Mwaka uliofuata nikaenda tena. Safari hii bei ilikuwa imeshuka kweli. Nikachukua paneli moja ndogo na taa mbili za tyubu. Nikauliza na betri, nikitegemea nayo imeshuka. Muuzaji akacheka: "Paneli ndiyo imesamehewa. Betri ya gari ni betri ya gari, inalipiwa."

Hiyo sentensi ishikeni, tutakutana nayo mbele.

Mtauliza, fundi redio wa Nachingwea anahangaika na sola ya nini? Wakuu, nilikuwa nimependa. Tena vibaya.

Somoe alikuja kibandani kutengeneza redio ya baba yake, wametoka Nambilanje kule Ruangwa kuuza ufuta. Redio ilikuwa na waya mmoja tu umekatika. Niliitengeneza wiki nzima ili arudi rudi. (Ameguna hapa nyuma. Kumbe hakuwa anajua.)

Baba yake, Mzee Nalinga, ni mkulima wa korosho anayejulikana wilaya nzima. Haijawahi kutokea korosho zake zikakataliwa kwenye mizani kwa ubichi au kwa kuoza. Kuanika korosho ndiyo digrii yake.

Nilipopeleka posa nikakuta kuna mwenzangu, Chande, kijana mwenye jenereta. Anaikodisha kwenye ngoma na harusi kijiji kwa kijiji. Mimi nina bisibisi.

Mzee akanisikiliza, akasema, "Wajukuu zangu wanatoka jando mwezi huu. Ngoma itakuwa hapa hapa uwanjani kwangu. Wewe unasema jua linawasha taa. Haya, taa ikiwaka siku hiyo, posa yako naipokea. Isipowaka, chukua kioo chako, Chande atawasha mashine yake na mambo yake nitayasikiliza."

Mbona rahisi, nikajisemea.

Nikaja na vifaa kwa roli la mizigo. Nikafunga taa mbili kwenye nguzo, betri tupu ya kibandani nikaiweka barazani, mzee aone jua lenyewe linaijaza. Ikabaki paneli. Nikaomba ngazi nipande paani.

Wanawake wote wakashika vinywa.

Kumbe ndani ya nyumba alikuwemo mama mkwe mtarajiwa, anapepeta zake unga. Mkwe kukanyaga paa wakati mama mkwe yuko chini yake? Hiyo posa ingeishia pale pale, na faini juu.

Nikamwambia mzee basi, paneli ikae chini, tena ndiyo rahisi. "Kila siku ianikeni juani, ishibe. Siku ya ngoma nakuja kuwasha." Mzee akatabasamu. "Kuanika? Nkwe, hapo umefika kwa mwenyewe."

Nikaondoka roho kwatu.

Siku ya ngoma nikafika alasiri ya mapema. Nikajaribu taa. Kimya. Nikapima betri, imekauka kabisa, haina hata umeme wa kumshtua sisimizi.

"Mzee, paneli iko wapi?"

"Ghalani."

Tukaenda ghalani. Paneli imelazwa juu ya mbao isiguse sakafu, imefungwa kwenye gunia safi, mdomo umeshonwa kwa sindano ya kushonea magunia. Imetunzwa kuliko mimi.

"Nilianika siku mbili," mzee akasema, anajiamini kabisa. "Asubuhi juu ya nkeka, waya nauchomoa usikanyagwe. Mchana naigeuza, upande wa pili nao upate. Umande ukianza naiingiza ndani. Siku ya pili nikaigonga nikasikia imekauka vizuri, nikafunga. Ikizidi jua inapungua uzito, utapunjwa kwenye mizani."

Sasa we mtu kama huyo unamwambia nini? Kila alichofanya kilikuwa sahihi. Kwa korosho.

Na wakati huo huo Chande anaingia na jenereta yake kwenye baiskeli, kavaa miwani ya jua.

Nikamweleza mzee pole pole kwamba hiki hakikauki, kinakula jua na kulisha betri, siku zote, na upande mmoja tu. Akaangalia uwanja. Mikorosho ilikuwa imeshatupa kivuli kila mahali. Jua lilikuwa limebaki sehemu moja tu.

Juu ya paa.

Mimi siruhusiwi. Vijana wote wameenda kuwapokea watoto wa jando. Mzee akavua kanzu, akabaki na msuli na fulana, akaegemeza ngazi. "Lete hicho kioo."

Paa lilikuwa la nyasi, na ule upande ambao paneli ingelala bila kuteleza umeangalia jua linakotoka, siyo linakozama. Ikabidi akae mgongoni mwa paa, ameikumbatia paneli kifuani, ameielekeza jua lilipo. Jua likisogea, naye anasogea. Waya unaning'inia mpaka kwenye betri. Mimi chini natoa maelekezo kama mwamuzi wa pembeni.

Wageni wakaanza kufika. Kutoka Nanganga, kutoka wapi sijui. Wanamkuta mwenye shughuli juu ya paa na kioo kifuani.

"Shikamoo mzee!"

"Marahabaa, karibuni, pitieni huko nyuma chakula kipo. Nipo kazini."

Minong'ono ikatembea. Bibi mmoja akasema anazuia mvua, mwingine akasema na kiangazi hiki mvua ipi, mzee ameshapagawa. Mama mkwe akatoka na ungo wake, akatazama juu, akasema, "Baba Somoe, ukianguka mimi simo," akarudi ndani.

Hapo ndipo Chande alipojiharibia. Akavua miwani, akacheka mpaka akashika nguzo. "Mzee teremka tu, mimi nawasha mashine hapa, utavunjika kiuno bure kwa ajili ya kioo cha ntu!"

Mzee akamwangalia kutoka juu. "Wewe Chande, hiki kioo siyo cha ntu. Ni changu. Nakilisha mwenyewe."

Nikajua mambo yamegeuka.

Alikaa kule mpaka jua linagusa miti. Tukamteremsha, miguu imekufa ganzi, fulana imelowa jasho. Baada ya swala ya magharibi, watu wote wamekaa, watoto wamevishwa nguo mpya. Mzee akasema atawasha mwenyewe.

Akabonyeza swichi.

Tyubu ikapepesa. Ikazima. Moyo wangu ukazima nayo. Ikapepesa tena, halafu ikashika, nyeupee, uwanja mzima. Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia tena. Nilitokwa machozi, siwafichi. Iliwaka kiasi cha watoto kuchezewa ngoma yao ya kuwatoa, kisha ikafifia na tukarudi kwenye koroboi. Lakini nani alijali? Mzee alikuwa anazunguka kwa wageni anawaeleza jinsi alivyoiwasha.

Posa ikapokelewa.

Siku ya kuzungumza mahari, mshenga wangu, mtu wa maneno mengi, akaona ajaribu. Akasema, "Mzee, serikali yenyewe imesamehe kodi ya sola. Na kijana wetu ndiye aliyekuletea hiyo sola. Nawe huoni umsamehe kidogo?"

Mimi kwa upumbavu wangu nilishamsimulia mzee habari zote za Kariakoo.

Mzee akatafuna korosho yake, akameza. "Paneli ndiyo imesamehewa," akasema. "Binti yangu ni betri."

Nililipa yote.

Funzo wakuu: kufuta kodi ni jambo jema sana. Baada ya ngoma ile watu kadhaa Nambilanje walinunua sola, na biashara yangu ya kuchaji betri ikafa kifo cha heshima, nikageuka fundi sola. Ila sera ikishuka kutoka bungeni, iteremke na mtu wa kumweleza mkulima, la sivyo ataipokea kwa utaalamu alionao, na utaalamu wake ni mkubwa.

Mzee bado yupo. Paneli iko paani siku hizi, alipanda akaifunga mwenyewe. Na kila tukienda kumsalimia anamuuliza binti yake mbele yangu, "Huyu anakulaza njaa? Betri inataka kulishwa kila siku." Mimi najibu, "Nalisha mzee."

Wenye experience na sola za mwanzo mwanzo shusheni hapa chini. Na kama Chande yumo humu, kaka, ile miwani bado ninayo, uliisahau kwenye nguzo.